Mchele wa Sounhadj

Magoudjou, Moroni
12 Oktoba 1999

Dada Rafia,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, tunaomba na nyinyi muwe hivyo. Wifi yako Naouele anakusalimu, na mama yake pia, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Ule mwezi wa Aprili, watu walipokuwa wakitusaka sisi watu wa Anzuani mtaa kwa mtaa, bibi huyu aliweka kiti mlangoni akawaambia vijana wenye marungu, "Humu hamna Mwanzuani. Humu mna mume wa binti yangu." Nyumba ni ya mwanamke, dada, nao wanalijua hilo. Wakapita.

Naandika Kiswahili chetu cha Unguja, tulichokulia mtaa wa Malindi enzi za baba, maana barua siku hizi hufunguliwa njiani. Mtu anayetafuta siri za wanasiasa hatakuwa na subira na sisi.

Sasa sikiliza. Ofisini wamenipa kazi, na nilipoisoma nilitaka kucheka mbele ya mkubwa wangu. Wafadhili wanataka sekta zote za nchi zipimwe kwa mzani mmoja, visiwa vyote vitatu, Anzuani imejitenga au haikujitenga: vanila, karafuu, langilangi ya mafuta ya manukato, uvuvi, bandari, biashara ya bidhaa kutoka nje. Maswali ni matatu. Sekta inaajiri watu wangapi? Tija ni nini, yaani jozi moja ya mikono inatoa nini kwa siku? Na faida inabaki kwa nani? Itakayotoka juu itapata mikopo na mitambo mipya. Itakayotoka chini itaambiwa asante. Na anayeandika ni mimi.

Langilangi ya Patsy, huko kwenu Anzuani, ni nani, dada? Ni Sounhadj. Nimekuwa nikingoja tangu siku ile kifuniko cha mtungi wake wa kuchemshia maua, kile kilichofungwa kwa waya kwa sababu aliona kipya ni gharama, kiliporuka na kumuunguza mpwa wangu, mwanao Wassim. Siku tatu alilala kwenye majani ya migomba, akafa, naye Sounhadj yuko kwa kadhi anasema, "Yule kijana alikuwa mpita njia. Si mtu wangu." Hakubeba jeneza. Hakukaa matanga. Akatuma gunia la mchele kwa dereva, kama vile unavyomtumia jirani usiyemjua sana.

Mimi ndiye mjomba. Ningekuwa huko ningeshamkamata kwa mikono yangu. Sasa Mungu amenipa kalamu. Niambie anaajiri watu wangapi na anapata nini, yote unayoyasikia.

Na lile gunia, ulilitupa?

Ndugu yako,
Ridjali


Mutsamudu
20 Novemba 1999

Ridjali mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Barua yako imeletwa na Bwana Djoumoi, yule mfanyabiashara wa kanga, imekunjwa ndani ya kiatu chake na ina harufu ya hapo ilipokaa. Nimeisoma hivyo hivyo. Mpe pole mama mkwe wako, na mwambie asugue magoti kwa mafuta ya nazi yenye karafuu. Mwanamke aliyekaa mlangoni siku ile nina deni naye la dua.

Sisi tuko salama. Mjini wanapigana, wanapatana, wanapigana tena. Ukuta wa Bibi Nouria, jirani yetu wa mkono wa kulia, una matundu ya risasi, naye ametundika kapu juu yake, wageni wasiulize. Riziki ninapata. Usiniulize kwa njia gani, nawe sitakuuliza kwa nini wifi yangu anauza sambusa sokoni Volo Volo ilhali mume wake ni mtu wa serikali. Djoumoi ana macho, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

Nimeyaona maswali yako matatu. Serikali umeiweka katika sekta ipi? Inaajiri watu wengi, mishahara hailipi, na faida wanaijua wachache. Ipime kwanza hiyo, halafu uje kwenye langilangi.

Kuhusu Sounhadj, nakuomba neno moja. Usiandike lolote mpaka nikuambie. Wewe unataka afilisike. Akifilisika atakuwa tajiri aliyefilisika, watu watamwonea huruma, wake zake watauza dhahabu, na msikitini watamwachia nafasi ya mbele kama kawaida. Mimi sitaki fedha yake ipungue hata senti. Nataka aseme, kwa mdomo ule ule, mbele ya watu, kwamba Wassim alikuwa mtu wake. Basi. Mwanangu alitia kuni kwenye tanuri lile miaka miwili, akafa na moshi wake kichwani, halafu akaambiwa alikuwa anapita. Anapita anakwenda wapi? Barabara ya Patsy inaishia pale tanurini.

Nina njia yangu. Niachie.

Dada yako,
Rafia


Moroni
3 Januari 2000

Dada mpenzi,

Ramadhani inakaribia kwisha nami sijafuturu na mtu wa damu yangu hata siku moja. Naouele ana mimba, alhamdulillahi, anatapika kila akinusa samaki, na mji huu unanuka samaki. Habari ya sambusa umeambiwa vibaya. Anafanya kwa kupenda, apate kuchangamka.

Nimekuelewa, lakini sijakubali. Aseme kwa mdomo? Mdomo wa Sounhadj una thamani gani? Atasema leo, kesho atasema hakusema. Mtu kama yule hulia pale tu unapomgusa mfukoni.

Kwa vyovyote, kuna wageni watafika Mutsamudu mwezi huu kwa njia ya Mayotte, watu wa wafadhili, kwa sababu sisi wa Moroni hatuwezi kukanyaga huko. Watawakusanya wenye biashara na kuwauliza maneno yale yale matatu. Nimekwisha kuwapa wageni jina lake. Nataka uwepo, au umtume mtu, uniandikie alichosema. Nakuahidi nitangoja barua yako kabla ya kufunga ripoti.

Hukunijibu kuhusu lile gunia.

Nduguyo,
Ridjali


Mutsamudu
28 Januari 2000

Ridjali,

Salamu zangu zikufikie wewe na Naouele na hicho alichokibeba. Akizaa mwanamke, anza leo kuweka mawe, baba asiyemjengea binti nyumba ni mgeni wa kila mtu. Djoumoi ameondoka wiki iliyopita kabla ya haya ninayokuandikia, kwa hiyo barua hii inapitia Mayotte kwa mtoto wa Bibi Nouria. Sijui itachukua muda gani. Ngoja, kama ulivyoahidi.

Imekuwa. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimekula muhogo wote uliokuwa jikoni.

Lazima kwanza nikwambie nilichokuficha. Tangu Agosti ninachuma langilangi Patsy, kwa Sounhadj. Najua, funga mdomo wako. Binti wa mjini, mwenye nyumba ya mawe, anapanda mlima alfajiri na kikapu tumboni pamoja na wanawake wa shamba. Msimamizi aliniandika bila kuniuliza mimi ni nani, maana kule mikono ndiyo inayotazamwa. Sounhadj hupita kila Alhamisi na gari lake. Mimi nimepaka liwa usoni kama wenzangu, kwa sababu ya jua, nimejifunika leso ya shiromani, na miezi mitano mtu yule amenitazama usoni bila kumwona mama wa kijana aliyemuua. Nikawa nasubiri tu. Sikujua nasubiri nini mpaka ulipotaja wageni.

Wageni walikutanishwa uani kwa Fundi Mroudjae, aliyetusomesha Kurani sote tuliporudi Anzuani. Kumbe Sounhadj alikwishasikia kwamba msaada utafuata wingi wa watu. Unajua alifanya nini? Alileta lori Patsy, akatushusha mjini wachumaji wote, tukae upande wa wanawake, tuonekane. Mimi mwenyewe alinipakia kwenye lori lake. Zaitoun, mwenzangu wa mti wa pili, aliuliza kama tutalipwa siku hiyo. Tuliambiwa tutapewa juisi.

Mwenye karafuu alisema yake, wa bandari akasema yake. Zamu yake ilipofika, Sounhadj alisimama na kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Mgeni akauliza anaajiri watu wangapi. Akajibu kwamba langilangi inalisha watu kuliko serikali. Mgeni akasema, lakini karatasi zako za zamani zinaonyesha watu kumi na wawili. Sounhadj akacheka kama mwenye nyumba. Akasema karatasi ni karatasi. Akasema, "Anayechuma ni mtu wangu. Anayebeba ni mtu wangu. Hata anayetia kuni chini ya mtungi ni mtu wangu, na baba yake, na mama yake. Wote hao nawahesabu."

Nikasimama, Ridjali. Nikafuta liwa kwa ncha ya shiromani. Nikasema, "Fundi, naomba ruhusa. Bwana huyu amesema anayetia kuni ni mtu wake, na mama yake pia. Mimi ni mama yake Wassim. Nimekuja kuhesabiwa."

Mgeni alimwuliza mkalimani nimesema nini, mkalimani akatazama viatu vyake. Sounhadj akafungua mdomo. Akitaka kusema Wassim si mtu wake, basi na sisi wote tuliokuja kwa lori si watu wake, na msaada umekwenda. Nilimwona akipiga hesabu. Fundi akamwambia polepole, "Sounhadj, alikuwa mtu wako, hakuwa?" Akasema, "Alikuwa." Fundi akamwambia, "Sema jina." Akasema, "Wassim, mtoto wa Rafia, alikuwa mtu wangu."

Fundi akampa hukumu pale pale. Mtu akifa katika kazi yako, unakwenda kwao kwa miguu, unakaa, unasoma, unakula chakula cha wafiwa. Atakuja kwangu kwa hitima, Ijumaa ya pili ya Februari, na wazee wa mji wakiwa naye.

Sasa andika ripoti yako. Andika ukweli wote: kwamba sisi ni wengi, tunachuma mpaka vidole vinanuka usingizini, na faida inapanda gari moja kushuka bandarini. Lakini tuandike. Zaitoun na wenzake wanasubiri hiyo mitungi mipya yenye vifuniko vya kukaza.

Gunia liko chini ya kitanda changu. Sikulitupa. Kila mwezi nalianika juani na kulichambua fukusi.

Dada yako,
Rafia


Moroni
19 Februari 2000

Dada,

Salamu baadaye. Djoumoi alifika wiki mbili zilizopita, akaketi mbele yangu akinywa chai, akanieleza kitu kilichonifanya nitoke nje nikasimame uani. Wewe unachuma maua kwa Sounhadj. Wewe. Binti wa baba yetu unamjazia mtungi mtu aliyemwita mwanao mpita njia, na mimi ndugu yako ninakula wali hapa.

Haya, nami nitasema. Sijalipwa mshahara tangu Mei. Naouele anauza sambusa kwa sababu tusingekula. Ningekuwa nakutumia chochote, usingepanda mlima ule, kwa hiyo kosa hili ni langu na nimelilipa.

Nimeifunga ripoti. Najua niliahidi kungoja, lakini barua yako haikuja, mkubwa wangu alikuwa akiniuliza kila asubuhi, na baada ya maneno ya Djoumoi sikuwa na subira iliyobaki. Nimemchinja, dada. Na kisu nimetumia chake mwenyewe. Wageni walileta hesabu yao kutoka huko, wanasema kuna wachumaji wengi sana; nikaiweka kando, nikasema imetolewa na mwenye biashara ili kujipatia msaada. Nikachukua karatasi aliyotia saini mwaka ule Wassim alipofariki: wafanyakazi kumi na wawili, wachumaji hakuna, watia kuni hakuna. Alisema hana watu, nami nimeandika hana watu. Langilangi ya Patsy: ajira hafifu, tija haipimiki, faida yote kwa mtu mmoja. Nimeiweka chini kabisa. Juu nimeweka biashara ya bidhaa kutoka nje.

Mkubwa wangu ametia saini, wafadhili wamepokea. Nililala usiku ule kama mtoto. Acha kuchuma. Kaa nyumbani. Mjomba wa Wassim amefanya kazi yake.

Nduguyo,
Ridjali


Moroni
2 Mei 2000

Dada Rafia,

Barua yako ya Januari imefika leo. Imeloa, imekaushwa, imesomwa na watu, lakini imefika.

Simu za huko zimekatwa tangu Anzuani iwekewe vikwazo kwa kujitenga, nimejaribu kwa kila njia. Nilikwenda kwa mkubwa wangu kumwomba tuibadilishe ripoti. Akaniuliza, niseme ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?

Naouele amejifungua salama mtoto wa kike. Niandikie, tafadhali. Hata kunitukana.

Ridjali


Mutsamudu
17 Juni 2000

Ridjali,

Barua zako zote mbili zimekuja pamoja, siku moja baada ya Maulidi. Mwenyezi Mungu amkuze mtoto. Bibi Nouria amekufa, kwa ugonjwa wa kifua. Vikwazo vimetukausha, mafuta ya taa hakuna, mchele madukani hakuna, mji mzima unakula ndizi mbichi na mashelisheli. Mimi nimekula hayo pia, na gunia liko chini ya kitanda. Majirani walinusa wakajua lipo. Hakuna aliyeniomba, kwa sababu walijua ni la nini.

Acha nikueleze hitima kwanza. Alikuja kwa miguu kutoka msikiti wa Ijumaa, Fundi Mroudjae mbele, wazee nyuma, mji umekaa vibarazani unatazama. Walisoma. Alisoma naye, sauti yake nzuri, siwezi kumnyima hilo. Wakati wa chakula nikalifungua gunia mbele yao, lile lile, na alama ya duka lake ubavuni. Nikapika hapo uani. Sikuchambua siku ile. Mchele wa mwaka mmoja na nusu una harufu ya kabati la marehemu, na fukusi huelea, hata ukichemsha namna gani. Nikawawekea wazee sinia lao la muhogo na samaki, na yeye nikamwekea lake peke yake. Nikasema, "Bwana Sounhadj, ulinitumia hiki nikiwa na msiba. Sikuweza kukila bila mwenyewe." Chakula cha wafiwa hakikataliwi. Alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anakula muhogo wake.

Alikula, ndugu yangu. Tonge kwa tonge, jasho linamtoka, anameza bila kutafuna, na kila mara alipoacha mkono nilimwongezea. Nilikaa mbele yake mpaka mwisho. Sijawahi kuona kitu kitamu kama kile tangu nizaliwe, na Mungu anisamehe, maana sitatubu.

Wiki chache nilitembea mjini kichwa juu. Watu waliniita Mama Wassim barabarani, na waliposema jina lake hawakushusha sauti. Alhamisi, gari la Sounhadj lilipopita Patsy, aliteremka akatusalimu mmoja mmoja.

Halafu likaja jibu la wafadhili. Akaita watu uani pale pale kwa Fundi, akaomba lisomwe. Moroni imeandika kwamba langilangi ya Patsy haina wachumaji. Haina watia kuni. Ina watu kumi na wawili. Akalikunja vizuri akasema, bila hasira hata kidogo, "Wazee, mlinilazimisha nikubali jambo. Serikali imepeleleza, na aliyepeleleza, jina lake limo humu, ni ndugu wa mama huyu. Ameona ukweli ni ule niliousema kwa kadhi. Yule kijana hakuwa mtu wangu." Fundi alinitazama mimi. Ili nimkanushe ningepaswa kukuita wewe mwongo mbele ya watu, kwa hiyo nilikaa.

Amezima matanuri yote. Kwa nini achemshe maua, wakati umemwonyesha panapolipa? Sasa analeta bidhaa kutoka nje kwa magendo, petroli na unga, ile sekta yako ya juu kabisa, na amenenepa. Zaitoun na wenzake wako majumbani. Walikuja mlangoni kwangu wakauliza ni kweli ndugu yangu ndiye aliyeandika kwamba wao hawapo. Zaitoun alinyoosha mikono yake nione vidole, kama vile ni mimi nilihitaji ushahidi.

Sounhadj alimfuta mwanangu mara moja, nikamrudisha. Wewe umemfuta kwa muhuri wa serikali, kwa mapenzi, na kwa haraka, hata hukuweza kungoja barua moja ya dada yako.

Hujaniomba msamaha. Nimeisoma ile ya Mei mara nyingi kutafuta neno hilo, halimo. Umeniomba nikuandikie, nimekuandikia.

Vikwazo vikiondolewa, mlete binti yako nimwone. Nyumba hii ni yake pia baada yangu, maana mimi sina mwingine. Yeye nitampikia maziwa na wali mpya, mweupe. Wewe utakaa uani, palepale alipokaa Sounhadj, na wazee nitawaita. Gunia halijaisha. Nimekubakishia kibaba kizima, na sikichambui.

Mama Wassim